KONA YA BWANA SHAMBA: Jinsengi, mzizi kutoka Korea



Msimu wa kahawa ukifika, pesa huingia Nyakatuntu. Pesa zikiingia, wachuuzi nao huingia. Mmoja huleta khanga, mwingine huleta masufuria, mwingine huleta taa za jua. Siku hizi yuko pia mchuuzi wa kipaza sauti. Huyu huja gulioni na begi kubwa, na ndani ya begi mna maboksi yenye picha ya mzizi. Mzizi huo una umbo la mtu. Una kichwa, una mikono, una miguu.

Mchuuzi anasema mzizi huu unatoka Korea. Anasema unaponya sukari, presha, mgongo, vidonda vya tumbo na ugumba. Akina baba anawaita pembeni, na huko anawaambia mambo ya nguvu za kiume. Boksi moja huweza kuuzwa kwa bei ya mbuzi, na mchuuzi hushauri mtu anunue maboksi matatu ili "dozi" itimie.

Wengi mmeniuliza: je, mzizi huu ni dawa kweli, au ni uongo? Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini jinsengi ni mmea, na mimea ndiyo kazi yangu. Yale ya dawa nimeyasoma, kisha nikakaa na mganga wa zahanati tukayapitia pamoja. Jibu letu si "ndiyo" tupu wala "hapana" tupu. Kwa hiyo naomba usome mpaka mwisho. Kama una jirani ambaye hajajua kusoma, msomee.

Tusome jina kwanza

Juu ya boksi utaona herufi hizi: G-I-N-S-E-N-G. Sisi tutasema jinsengi. Wakorea wenyewe huuita mzizi huu insam. Jina la kitaalamu la mmea ni Panax ginseng. Neno "Panax" limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachoponya yote. Jina hilo limewapa wachuuzi kazi rahisi. Lakini jina ni jina tu. Hapa kwetu mtoto anaweza kuitwa Tajiri, na baba yake hana hata kuku.

Jinsengi ni mmea mfupi. Huota katika misitu ya nchi za baridi: Korea, kaskazini ya China, na upande wa mashariki wa Urusi. Watu wa huko wameutumia mzizi wake kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mzizi ukichimbwa na kukaushwa hivi hivi, huitwa jinsengi nyeupe. Ukipikwa kwa mvuke kwanza, ndipo ukaushwe, hugeuka rangi na kuitwa jinsengi nyekundu. Ni mzizi ule ule.

Je, tunaweza kuupanda hapa?

Hili ndilo swali la mkulima, na hili nalijibu bila wasiwasi: hapana.

Mkulima wa Korea hupanda jinsengi na kungoja miaka 4 hadi 6 kabla ya kuvuna. Kwa muda wote huo hulijengea shamba lake paa la kivuli, kwa sababu jinsengi haitaki jua kali. Mbegu zake hazioti mpaka zipite katika baridi kali ya miezi mingi. Baridi hiyo haiko Kyerwa wala Karagwe. Hata huko Korea, shamba likishavunwa huchoka na kubeba magonjwa ya mizizi. Mkulima huliacha miaka 10 au zaidi kabla ya kupanda jinsengi tena mahali pale. Wilaya ya Geumsan, kusini ya mji wa Seoul, ina soko maarufu la mizizi hii, lakini wakulima wa huko hulazimika kwenda mbali kutafuta ardhi mpya.

Basi mtu akikuuzia mbegu za jinsengi uzipande kati ya migomba yako, amekuibia mchana kweupe. Mtu huyo alishapita vijiji vya jirani. Mbegu zake zilipoota zilikuwa mchicha.

Sasa umeelewa pia kwa nini jinsengi ya kweli ni ghali. Mzizi wa miaka 6 hauwezi kuwa rahisi. Ukiona boksi la "jinsengi safi ya miaka 6" linauzwa kwa bei ya sabuni, jiulize ndani yake mna nini.

Unasaidia nini?

Wewe mkulima unajua shamba la majaribio. Tunapotaka kujua kama mbolea inafaa, tunapanda mahindi vipande viwili. Kipande kimoja tunatia mbolea, kipande cha pili hatutii. Kisha tunapima mavuno ya pande zote mbili. Mtu akitia mbolea shamba lote halafu aseme "mbolea imenisaidia", hatumwamini. Huenda ilikuwa ni mvua.

Na dawa hupimwa hivyo hivyo. Wagonjwa wa kundi moja hupewa dawa. Wa kundi la pili hupewa kidonge kinachofanana nayo lakini ndani yake hamna dawa. Wagonjwa hawajui nani kapewa nini. Inafanywa hivyo kwa sababu mtu akiamini kuwa amepewa dawa, mara nyingi husikia nafuu hata kama amemeza unga mtupu.

Jinsengi imepimwa kwa njia hiyo mara nyingi. Yameonekana haya. Watu wengine wenye uchovu wa muda mrefu walipata nafuu kidogo. Sukari katika damu ilishuka kidogo kwa baadhi ya watu. Majaribio mengi yalikuwa madogo, na majibu yake hayakulingana.

Na nguvu za kiume? Akina baba, nisomeni vizuri hapa. Mwaka 2021 wataalamu walikusanya majaribio 9 yaliyofanywa kwa wanaume 587 wenye tatizo hilo. Walilinganisha waliokula jinsengi na waliokula kidonge kitupu. Waliona kwamba tofauti kati yao inaweza kuwa ndogo mno, kiasi cha kutohesabika. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mtu anauza mbuzi kuitafuta.

Lakini utasikia mtu anasema, "Mimi nilikunywa, na usiku ule ule nikaona mabadiliko." Huenda anasema kweli. Tatizo ni kile alichokunywa. Huko Marekani, mamlaka ya chakula na dawa imekamata mara nyingi bidhaa za "mitishamba tu" zilizochanganywa kwa siri na sildenafili. Hiyo ni dawa ya hospitali ya nguvu za kiume. Sildenafili ina kazi yake, lakini daktari ndiye anayeitoa. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitreti, inaweza kushusha presha ghafla mpaka akafa. Huyo hakujua kuwa amemeza dawa. Yeye alijua amekunywa mzizi.

Kuna jambo jingine ambalo akina baba hawapendi kulisikia. Nguvu zikipungua, mara nyingine ni dalili ya sukari au presha iliyojificha. Mwenye dalili hiyo aende zahanati apimwe. Akienda kwa mchuuzi, ugonjwa wenyewe unaendelea kukua.

Mzee wa kitongoji cha jirani

Nawaeleza habari ya mzee mmoja, bila jina. Ana umri wa miaka 60 na kidogo. Alikuwa na presha, akipewa vidonge kila mwezi, naye alivimeza vizuri kwa miaka mitatu. Msimu mmoja aliuza kahawa akanunua maboksi matatu. Muuzaji alimwambia: "Mzee, vidonge vya hospitali na mzizi havikai pamoja. Chagua kimoja." Mzee akachagua mzizi, maana aliulipia pesa nyingi.

Wiki za kwanza alijisikia vizuri. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo ya juu sana akalima kama kawaida. Mwezi wa pili, asubuhi moja, mkono wa kulia ulikataa kushika kikombe, na mdomo ukaenda upande. Leo anatembea kwa fimbo, na kahawa yake inachumwa na wajukuu.

Mimi sisemi kwamba jinsengi ndiyo iliyompoozesha. Mzigo mkubwa nauweka kwenye vidonge alivyoacha, na kwenye ulimi wa yule aliyemwambia aviache. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisahau yote niliyoandika, shika hili: mtu yeyote anayekuuzia kitu na kukwambia uache dawa ya hospitali, mkimbie.

Mkoa wetu wa Kagera unalijua jambo hili kuliko mikoa mingine. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walionekana hapa Kagera mwaka 1983. Wazee wanakumbuka jinsi ugonjwa ulivyoitwa Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na biashara ya magendo. Miaka ile hapakuwa na dawa, na watu waliuza mashamba kununua mizizi na maji ya kila namna. Hatuwalaumu. Lakini tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, na watu waliokuwa wakingoja kufa wamelea wajukuu. Leo mtu akiacha dawa hizo kwa ajili ya boksi la gulioni, hana sababu waliyokuwa nayo wazee wetu.

Kama umeamua kuitumia

Mtu mzima mwenye afya, aliyeamua kutumia jinsengi kwa pesa yake, simkatazi. Watu wazima wengi wameitumia kwa muda mfupi bila kudhurika. Ila afuate utaratibu.

Kiasi kinachotajwa na wataalamu wa Ujerumani ni gramu 1 hadi 2 za mzizi mkavu kwa siku, kwa muda usiozidi miezi 3. Gramu 1 ni kidogo sana, haifiki hata nusu ya kijiko cha chai. Dawa ya kidonge au ya maji ni kali kuliko mzizi wenyewe, kwa hiyo fuata maandishi ya boksi lake, usikisie. Itumie asubuhi, si jioni, kwa sababu huweza kuondoa usingizi. Na siku hiyo punguza kahawa na chai ya rangi. Najua kumwambia mtu wa Kyerwa apunguze kahawa ni kazi, lakini vyote viwili vikikutana moyo huweza kwenda mbio na mikono kutetemeka.

Ukiona kichwa kinauma, tumbo linavuruga, usingizi umepotea, au moyo unadunda ovyo, acha. Ukiona vipele na uvimbe wa midomo, au pumzi inabana, acha na uende zahanati siku hiyo hiyo.

Sasa wale wasiofaa kabisa. Mama mjamzito asitumie. Mama anayenyonyesha asitumie. Mtoto asipewe, hata kama ni dhaifu na hataki kula. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kliniki akapimwe uzito, na nyumbani apewe uji wenye maharage, karanga au dagaa.

Mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asitumie, kwa sababu jinsengi huweza kuharibu kipimo cha dawa hiyo. Mwenye sukari awe mwangalifu sana. Dawa yake inashusha sukari, na mzizi nao huweza kushusha. Zikishusha pamoja, sukari hupungua kupita kiasi. Dalili zake ni jasho, njaa ya ghafla, kutetemeka na kizunguzungu. Akiwa bado na fahamu na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari au soda mara moja, kisha mpeleke kwa mganga. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize.

Mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo, na mwenye kutumia dawa za kufubaza virusi au za kifua kikuu, wasiguse kabla ya kumwuliza mganga. Madaktari wameandika habari ya mgonjwa mmoja aliyetumia jinsengi pamoja na aina moja ya dawa za kufubaza virusi. Dawa ilizidi katika damu yake na ini likaumia. Anayengoja kupasuliwa aache jinsengi wiki 1 au 2 kabla, na amweleze daktari.

Mganga wa zahanati ameniomba niwaambie neno moja: msifiche. Watu wengi wanaona haya kusema kwamba wanatumia mitishamba. Wanaogopa kugombezwa. Ukienda kupimwa, chukua boksi lako ulioneshe. Kama huna boksi, andika jina la mmea kwenye karatasi. Sasa unajua kuandika.

Soma boksi kabla ya kutoa pesa

Kabla ya kujua kusoma, ulilazimika kuamini mdomo wa mchuuzi. Sasa shika boksi uligeuze. Tafuta herufi EXP. Mbele yake pana mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumia. Ukiwa umepita, rudisha. Tafuta herufi MFG, hapo ndipo pana tarehe ya kutengenezwa. Tafuta jina la kiwanda na nchi. Tafuta orodha ya vitu vilivyomo ndani. Boksi lisilo na hata kimoja kati ya hivi, usilinunue hata kama linauzwa nusu bei. Boksi lililoandikwa Kikorea au Kichina peke yake, nalo uliache. Huwezi kumeza usichoweza kukisoma.

Mwulize pia mchuuzi: "Bidhaa hii imesajiliwa?" Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa kifupi TMDA, ndiyo inayosimamia dawa nchini. Waganga wa asili na dawa zao wanasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Mwenye biashara halali haogopi swali hilo. Mwenye kuogopa ataanza kufunga begi.

Mulondo, mzizi wa upande wetu

Mama mmoja msomaji wa ukurasa huu ameuliza: "Bwana Shamba, kwa nini tutafute mzizi wa Korea na sisi tuna mizizi yetu?"

Swali zuri. Wataalamu wa Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili walifika Bukoba na Muleba, na kati ya miaka ya 2009 na 2012 waliandika habari za mimea mingi inayotumiwa na waganga wa mkoa huu. Omubirizi kila mtu anaujua. Tangawizi nayo inafaa kweli kwa kichefuchefu. Lakini ule unaofananishwa zaidi na jinsengi ni mulondo.

Hilo ni jina la Waganda. Waluhya wa Kenya huuita mukombero, na wataalamu huuita Mondia whitei. Ni mmea unaotambaa juu ya miti, una majani yenye umbo la moyo, na ukiukata hutoa utomvu mweupe. Mizizi yake inanukia vizuri. Ng'ambo ya Murongo, Uganda, utaona watu wanautafuna barabarani au wanaunywa kwenye chai. Unaongeza hamu ya chakula, ndivyo wanavyosema watumiaji, na akina baba wanasema mengine.

Juu ya hayo mengine, sikilizeni. Mwaka 2001 wataalamu wa Kameruni walichapisha jaribio la panya dume. Panya walipewa mulondo mwingi kila siku kwa siku 55. Mbegu zao za uzazi zilipungua badala ya kuongezeka, na waliposimamishwa zilirudi. Majaribio mengine yalionyesha faida. Panya si mtu, lakini anayetafuta mtoto asitafune mulondo kutwa kucha. Kipande kidogo kwenye chai mara moja moja ni kitu kingine. Na usiutie kwenye pombe kali. Hapo kinachokudhuru ni pombe.

Jambo linalonihusu mimi zaidi ni hili: mulondo unakwisha porini. Wachimbaji hung'oa mmea mzima. Ndivyo ilivyotokea kwa jinsengi ya Amerika. Mwaka 1716 padri Mfaransa, Joseph-François Lafitau, aliiona karibu na Montreal, huko Kanada. Wafanyabiashara wakaanza kuipeleka China kwa meli, na misitu ikachimbwa kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1975 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa kwa mkataba wa mataifa. Huko Kakamega, Kenya, wakulima wamefundishwa kupanda mukombero wao wenyewe mashambani ili msitu upumzike.

Na sisi tunaweza, maana mulondo unakubali hali ya hewa ya kwetu. Tafuta ganda lililokomaa, chukua mbegu zingali mpya, ziotesha kwenye viriba vyenye udongo wa samadi iliyooza, na uziwekee kivuli. Miche ikipata nguvu, ipande pembeni ya kibanja karibu na mti utakaoupanda, kama mruku au mti wa uzio. Usiuache upande juu ya mibuni. Wakati wa kuvuna usiung'oe mmea. Fukua upande mmoja, kata mizizi michache ya pembeni, acha mzizi mkuu, kisha rudishia udongo na matandazo. Mwaka unaofuata fukua upande wa pili.

Usichimbe mmea wa porini usioujua kwa uhakika kwa sababu tu majani yake yanafanana. Nao wenye utomvu mweupe ni wengi, na mingine ni sumu. Kata tawi lenye majani, ulilete kwangu siku ya Jumatatu ofisi ya kata. Tutaliangalia pamoja kabla hujaweka kitu mdomoni.